Hesabu ya Mwaka wa Kazi

Mke wangu huuza vitenge katika soko moja la mji wa Lubumbashi. Kila mwaka, siku chache kabla ya Mwaka Mpya, hufunga meza yake mapema, huleta mali yote nyumbani, akaitandaza juu ya mkeka na kuihesabu kipande kwa kipande. Kando yake liko daftari la Januari. Humo aliandika alianza mwaka na vipande vingapi, alikusudia kuuza vingapi, na fedha gani ingebaki baada ya kulipa madeni, ushuru wa soko na kodi ya nyumba. Jioni ile watoto wanajua kwamba hakuna ruhusa ya kukanyaga mkeka. Hata mimi hupita kwa kuambaa ukuta.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nimekaa pembeni nikimtazama, kikombe cha chai mkononi. Alipokwisha kupiga mstari wa mwisho, aliinua macho akaniuliza: "Baba watoto, na hesabu yako wewe ni lini?"

Nilicheka. Nikamjibu kwamba mwalimu hana mali ya kutandaza juu ya mkeka. Nikaongeza, kwa majivuno kidogo, kwamba ule ulikuwa mwaka wangu wa nane kazini.

"Sikukuuliza miaka," akasema. "Miaka hata meza yangu inayo. Nimekuuliza umeongeza nini. Mali bila daftari hupotea bila habari."

Nilitaka kumjibu upesi, kwa maana mwalimu hapendi kukosa jibu mbele ya watu wa nyumba yake. Sikupata neno. Niliinywa chai yangu ikiwa imepoa, na usiku ule sikulala vema.

Basi, wasomaji wapenzi, yafuatayo yametoka katika swali lile.

Sisi watu wa kazi za mshahara tumezoea kuhesabu miaka. Karani husema, "Mimi nina miaka ishirini ofisini," na neno hilo hulitumia kama nishani. Sitaki kijana yeyote asome hapa kisha aende kumdharau mzee wake. Miaka ina heshima yake, na mambo mengine hayafundishwi ila kwa miaka. Lakini miaka yenyewe haiongezi ufundi. Mwaka 2005 wachunguzi watatu wa Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, walikusanya chunguzi 62 zilizolinganisha miaka ya kazi ya waganga na ubora wa matibabu yao. Mtu angetazamia kwamba mganga mzee zaidi ndiye mganga bora zaidi. Kumbe, katika zaidi ya nusu ya chunguzi hizo, wale wenye miaka mingi walikuwa nyuma katika kila jambo lililopimwa. Hawakuwa wavivu. Elimu ya uganga ilikuwa imesonga mbele, na wengi wao walikuwa wamebaki na yale waliyotoka nayo shuleni.

Kwa sisi walimu habari yake ni karibu na hiyo. Wachunguzi wa Marekani wameona mara nyingi kwamba mwalimu huendelea kwa kasi katika miaka yake michache ya kwanza, kisha mwendo wake hupungua. Nadhani ninajua sababu, kwa kuwa nimeipitia. Mwaka wa kwanza hofu hukufundisha. Watoto wanapiga kelele, somo linakwisha nusu saa kabla ya kengele, mkaguzi anaingia nawe hujui chaki umeiweka wapi. Kila kitu kinauma, kwa hiyo unabadilika kila juma. Siku darasa linapotulia, maumivu yanakwisha, na mabadiliko nayo yanakwisha. Tangu siku hiyo mtu aweza kufundisha mwaka mmoja, kisha kuurudia mwaka ule ule mara thelathini, hata siku ya kuagwa kwa hotuba na soda.

Kesho yake, baada ya swali la mke wangu, nilichukua karatasi nikajaribu kuikumbuka kazi ya mwaka. Niliandika: "Nimefundisha vizuri. Watoto wengi wamefaulu. Nimeelewana na wenzangu." Niliyasoma mara mbili, nikaona kwamba maneno yale ningeweza kuyaandika katika mwaka wowote, juu ya mwalimu yeyote. Ubaya mwingine niliuona baadaye. Kila lililotokea vizuri nililikumbuka kana kwamba ndilo nililolikusudia. Na yale niliyokuwa nimeyakusudia yakashindikana, nilikuwa nimekwisha yasahau kabisa.

Udhaifu huu si wangu peke yangu. Mwaka 1972 Rais Nixon wa Marekani alikuwa tayari kusafiri kwenda China, kisha Moscow. Huko Yerusalemu, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakisie mapema: je, Nixon atakutana na Mao? Je, jambo hili au lile litatokea? Safari zilipokwisha, wanafunzi wale waliombwa wakumbuke walikuwa wamekisia nini. Wengi walikumbuka vibaya, na upotovu wao ulikuwa wa namna moja: mambo yaliyotokea kweli, walijiona kwamba walikuwa wameyatazamia kuliko walivyoyatazamia. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1975. Wanafunzi wale hawakuwa waongo. Mtu akisha kujua mwisho wa jambo, kumbukumbu yake huurudia mwanzo na kuutengeneza upya ili ulingane na mwisho.

Kwa sababu hiyo, anayejipima mwishoni mwa mwaka bila kuwa ameandika kitu mwanzoni hajipimi. Anajisimulia hadithi, na katika hadithi hiyo yeye ndiye shujaa. Au kama ni mtu wa huzuni, yeye ndiye mkosaji wa kila kosa. Hadithi zote mbili ni za uongo sawasawa.

Peter Drucker, aliyezaliwa Vienna mwaka 1909 na kufariki Marekani mwaka 2005, alitumia maisha yake kuwafundisha watu uongozi wa kazi. Katika makala yake ya mwaka 1999 alisimulia desturi yake mwenyewe. Kila alipokata shauri kubwa, aliandika alitazamia litazaa nini. Baada ya miezi tisa au kumi na miwili alilinganisha maandiko na matokeo. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mitano hadi ishirini, na kila mara alishangaa. Alijifunza, kwa mfano, kwamba aliwaelewa kwa urahisi mainjinia na watu wa mahesabu, lakini watu wa kazi za jumla hakupatana nao sana. Jambo hilo hakulijua mpaka karatasi ilipomwambia.

Drucker hakudai kwamba desturi hiyo ni yake. Alisema ilitumiwa zamani na Jean Calvin na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kila mmoja kwa upande wake. Niliposoma hayo nilitabasamu, kwa kuwa mimi nililelewa katika seminari ndogo, na kujichunguza tulikufanya kila siku, wakati mwingine huku tukisinzia. Lakini jambo moja sikulitia maanani ujanani. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, Inyasi anamwelekeza mtu achague kosa moja tu. Kwa kosa hilo anamchorea mistari miwili ya kila siku, atie nukta kila anapoanguka, kisha alinganishe mstari wa pili na wa kwanza, siku na siku, juma na juma. Ni daftari la mchuuzi kabisa. Mke wangu nilipomwonyesha mistari ile alisema, "Huyu padri alijua biashara."

Sasa nije kwenye lengo lenyewe, yaani neno mtu analoliandika mwanzoni mwa mwaka.

La kwangu la kwanza lilikuwa: "Nitakuwa mwalimu bora." Mke wangu alilitazama akaniuliza kama yeye naye aandike, "Nitauza sana." Aliuliza kwa upole, lakini nililifuta. Neno la namna hiyo halikosi kutimia, kwa sababu halina mahali pa kukamatwa.

Huko Oklahoma, Marekani, palikuwa na kampuni ya mbao. Madereva wake walipakia magogo na kuyapeleka kiwandani, na sheria iliweka mpaka wa uzito wa kila gari. Miti hailingani kwa urefu wala kwa unene, hivyo kujaza gari vizuri bila kuvuka mpaka ni kazi ya jicho na akili. Wakubwa walikuwa wakiwaambia madereva wafanye kadiri wawezavyo, na magari yakaenda na kiasi cha 60 kwa 100 ya uzito ulioruhusiwa. Ndipo Gary Latham na James Baldes, waliotangaza habari hii mwaka 1975, waliposhauri madereva wapewe tarakimu: 94 kwa 100. Mshahara haukuongezwa. Baada ya miezi kadhaa magari yalikuwa yakijazwa hata karibu 90 kwa 100, wala madereva hawakubadilishwa. Walikuwa watu wale wale na misitu ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba jioni kila dereva aliweza kujua alikuwa amefika au hakufika.

Mimi nami nikataka tarakimu. Na hapa lazima nisimulie jambo lisilonipa sifa.

Septemba iliyofuata nilipewa darasa la sita. Mwishoni mwa darasa hilo watoto wetu hufanya mtihani wa taifa, na katika mitaa yetu mwalimu wa darasa la sita hupimwa kwa mtihani ule kama mkulima kwa ghala lake. Nikaandika katika daftari jipya: "Wote nitakaowaandikisha kwa mtihani watafaulu." Niliona fahari. Lengo lilikuwa wazi, lilikuwa na tarehe, na ye yote angeweza kulihakikisha.

Nilikuwa na watoto 52. Tangu Oktoba nilijua kwamba watatu hawataweza. Wawili walikuwa wamekosa shule kwa ugonjwa. Wa tatu, mvulana mkimya wa benchi la nyuma, alikuwa amepandishwa mwaka hata mwaka bila kujua kusoma sawasawa. Alikariri midomo ya wenzake. Mwanzoni mwa mwaka mpya niliwaita wazazi wa wote watatu. Niliwaambia kwa sauti ya huruma kwamba ni afadhali watoto wasiandikishwe, warudie darasa mwaka ujao, wajenge msingi. Wazazi walinishukuru. Mama wa yule mvulana aliniletea karanga.

Wote 49 walifaulu. Shuleni nilipigiwa makofi. Nilirudi nyumbani nikafungua daftari, nikatia alama ya ndiyo kwa wino mwekundu, nikamsukumia mke wangu. Yeye hakuitazama alama. Aliuliza: "Mwezi wa Septemba ulianza na wangapi?"

"52."

"Na hawa watatu wako wapi? Mimi kipande kikiliwa na panya sikitoi katika hesabu."

Shule zilipofunguliwa, wawili walirudi. Yule mvulana hakurudi. Miezi michache baadaye nilimkuta sokoni akisukuma mkokoteni wa mizigo, mabega yakiwa yamekwisha panuka kama ya mtu mzima. Alinisalimu kwa adabu. Nilimwambia kwamba mlango wa darasa uko wazi, nami nitamsomesha peke yake Jumamosi. Akajibu, "Asante, mwalimu, lakini sasa nina kazi," akainamisha kichwa na kuendelea kusukuma.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Sikudanganya katika daftari langu. Lengo nililoliandika nililitimiza kweli. Dhambi ilikuwa katika lengo lenyewe, kwa kuwa lilinifundisha kumtazama mtoto dhaifu kama doa katika hesabu yangu. Wakubwa wameanguka katika shimo hilo hilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwasukuma watumishi wake kwa tarakimu za mauzo: kila mteja auziwe huduma nyingi, hata nane. Watumishi wakaanza kufungua akaunti kwa majina ya wateja ambao hawakuziomba. Mwezi wa Septemba 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kwamba watumishi kiasi cha 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa ajili ya mambo hayo. Sidhani kwamba watu 5,300 walizaliwa wezi. Walipewa lengo, nalo likawavuta taratibu, siku kwa siku, kama lilivyonivuta mimi.

Tangu hapo, kila ninapoandika lengo, huandika chini yake swali moja: naweza kulifikia hili kwa njia ya aibu? Kama naweza, huliandika upya. Lengo la mwaka uliofuata likawa hili: "Nitahesabu watoto wasioweza kusoma ukurasa mmoja mwezi wa Septemba. Nitahesabu watoto hao hao mwezi wa Juni. Mtoto atakayetoka shuleni nitamhesabu kama asiyesoma." Neno la mwisho lilitoka kwa mke wangu.

Wenye kazi nyingine watapata vipimo vyao wenyewe, kila mmoja anajua kazi yake inaumia wapi. Jirani yangu fundi cherehani aliacha kuhesabu suruali alizoshona, akaanza kuhesabu zile zinazorudishwa kwake kupunguzwa au kuongezwa. Akatambua kwamba karibu zote zilirudi kwa kosa moja la kiuno. Karani aweza kuhesabu barua zinazorudishwa na mkubwa ili ziandikwe tena. Kanuni si ngumu: tafuta kitu ambacho kazi yako inakifanyia mtu mwingine, ukihesabu hapo.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wengi huliandika kwanza, nami nashauri lisiwe la kwanza: cheo. Mwaka mmoja nafasi ya msaidizi wa mkurugenzi wa shule ilikuwa wazi. Wenzangu walinipa hongera kabla ya wakati, nami nikaipokea hongera. Nafasi akapewa mwingine, kwa sababu ambazo hakuna aliyenieleza. Juma zima niliingia darasani kama mtu aliyefiwa. Cheo hutolewa na mkono wa mtu mwingine. Ukikifanya kuwa kipimo chako, umempa mtu huyo daftari lako alijaze. Kutamani cheo si vibaya. Andika yale ambayo mwenye cheo hicho anapaswa kuyajua, ujifunze hayo. Kuongoza mkutano wa wazazi, kwa mfano, au kushika hesabu ya fedha ya shule bila kosa. Hayo utabaki nayo hata mlango ukifungwa.

Najua msomaji mmoja atasema: "Mwalimu, unatuletea malengo, na mshahara je?" Ana haki ya kuuliza. Kwa miaka mingi wazazi wa Kongo ndio waliochangia malipo ya walimu. Katiba ya mwaka 2006 iliahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, nayo ikaanza kutekelezwa Septemba 2019. Wazazi maskini walifurahi, na kwa haki. Madarasa yakajaa pomoni. Lakini katika miji mikubwa walimu wengi walipoteza sehemu ya mapato iliyotoka kwa wazazi, na wengine walibaki wakingoja majina yao yaingizwe katika orodha ya malipo ya serikali. Daftari langu haliwezi kumlipa mtu mshahara, na mwenye kusema kwamba bidii peke yake itamlisha mwalimu hajalala njaa.

Hata hivyo daftari lina kazi katika shida nayo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, alifuata desturi hii miaka mitatu. Mwishoni mwa mwaka wa tatu aliyasoma maandiko yake yote kwa mfululizo. Akakuta kwamba juu ya darasa alikuwa ameandika mistari michache mikavu, na juu ya kuku wake, aliowafuga ili kuongeza mapato, alikuwa amejaza kurasa: chakula gani, chanjo lini, mayai mangapi. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaandika barua ya kuacha ualimu. Wengine walimlaumu. Mimi sikumlaumu. Watoto wale walipata mwalimu aliyewataka, na mayai yake tunayanunua mpaka leo.

Na nani ahakikishe hesabu? Shuleni kwetu, kama mahali pengi, mwisho wa mwaka mkubwa hujaza karatasi juu ya kila mtu na kutia sifa moja au alama. Sijapata kumwona mtu aliyebadilika kwa karatasi hiyo. Mwaka 1957 Douglas McGregor, mwalimu wa chuo kimoja cha Marekani, aliandika kwamba wakubwa wenyewe huona haya kukaa kama mahakimu juu ya thamani ya wenzao. Alishauri mtumishi ajiwekee malengo mwenyewe, na baada ya miezi sita ajipime mwenyewe kwanza, kisha azungumze na mkubwa wake. Miaka minane baadaye, mwaka 1965, yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika kampuni ya General Electric. Watumishi waliorundikiwa lawama nyingi kwa mara moja waliendelea kidogo kuliko wengine. Penye malengo machache na wazi, ndipo palipoonekana maendeleo. Niliposoma hayo nilimkumbuka Inyasi na kosa lake moja.

Shahidi wangu ni mke wangu. Hajui njia za kufundisha hesabu za sehemu, wala hahitaji kuzijua. Huuliza nilianza na nini, nilikusudia nini, nimebaki na nini. Tunafanya hivyo mwanzoni mwa Julai, shule zinapofungwa, watoto wakisha kulala. Mara ya kwanza nilikasirika na kuzima taa. Siku hizi ninapika chai mimi.

Hesabu ya Julai iliyopita ilikuwa hivi. Mwezi wa Septemba watoto 11 hawakuweza kusoma ukurasa. Nilikusudia abaki mmoja. Walibaki wanne. Nilikuwa nimeandika kwamba wale wenye nguvu wa mbele wangerudi nyuma kwa kuwa ningetumia muda mwingi na wadhaifu. Hawakurudi nyuma, na kadhaa wao ndio waliowasomesha wenzao wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimeandika pia kwamba nitazitembelea nyumba za watoto hao kila mwezi. Nilikwenda mara mbili. Mke wangu aliuliza kwa nini, nami nikaanza kueleza habari za mvua na barabara. Alingoja nikamaliza. Ndipo nikasema kweli: naona haya kuingia katika nyumba za watu maskini kuliko sisi na kukaa juu ya kiti chao kimoja.

Hilo halikuwa katika mtihani wo wote wa seminari wala katika karatasi ya mkubwa wa shule. Nililiandika katika ukurasa wa mwaka huu, peke yake, bila kosa jingine kando yake, na chini yake majina ya watoto wanne na mitaa wanayokaa. Mke wangu alisoma mtaa wa kwanza akasema ni njiani mwa soko. Jumamosi tutakwenda pamoja, yeye na furushi lake la vitenge, mimi na kitabu.